Besi ya Buluu kutoka Mbita

Min Achieng alizikwa Ijumaa iliyopita, na kabla udongo haujasawazishwa juu ya kaburi nilimsikia kijana mmoja nyuma yangu hemani akimsimulia mwenzake habari zake. Kwamba marehemu aliwahi kuwa na mume aliyefufuka. Kwamba gitaa la mume huyo lilikuwa likilia lenyewe ardhini mpaka msichana mmoja asiyejua mila akalifukua, ndipo mambo yakaharibika. Mwenzake aliacha kutafuna ili asikie vizuri. Nilikuwa na sahani ya wali na nyama mapajani, na ningeweza kugeuka nimwambie kwamba msichana huyo ameketi hapa mbele yake, ana miwani na magoti mabovu, na hajawahi kufukua kitu chochote isipokuwa viazi. Sikugeuka. Lakini nilirudi kwangu Homa Bay na kisa kile kikiniwasha, na asubuhi yake nikaketi kuandika. Hakuna mzimu katika jambo hili. Kulikuwa na watu wanne au watano waliokuwa wakila chakula chao cha mchana, na mimi nilikuwepo.

Mwaka mambo hayo yalipotokea niliishi Migori, katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya fundi seremala aliyeitwa Mzee Ochola. Mchana niliuza mbegu na dawa za mifugo katika duka la mtu, na kila jioni baada ya kazi nilikwenda kuwatazama wanamuziki wa bendi moja ya benga wakifanya mazoezi kwenye ukumbi wa baa iliyokuwa karibu na daraja. Nilikuwa nimejifunza gitaa la besi kanisani, tena vibaya, kwa sababu mimi ni mashoto. Kila gitaa nililoazimwa lilinibidi nilishike kichwa chini miguu juu, nyuzi nene zikiwa chini na nyembamba juu, na watu wakicheka. Mpiga besi wa bendi ile alikuwa amehamia Nairobi. Kiongozi wao alinisikiliza mara moja, akakuna kidevu, akasema, "Dada, mkono unao. Lakini mimi siwezi kugeuza gitaa la bendi kwa ajili yako. Tafuta lako, ulitengeneze unavyotaka, ukuje." Nilitoka pale nikihisi nimekwisha kuajiriwa. Kijana mmoja wa kwaya yetu akaniambia kwamba kule Mbita kuna fundi wa redio ambaye ana besi kuukuu, imetundikwa ukutani, haipigwi na mtu.

Kabla sijafika Mbita lazima niwaeleze juu ya chakula, kwa sababu chakula ndicho kilichonifunga na Min Achieng. Jina lake maana yake ni mama Achieng, na hakuna aliyemwita vingine. Alikuwa na hoteli ya mabati kando ya barabara, hatua chache kutoka karakana, meza tatu na benchi, na mimi nilikula pale kila siku. Alipika kamongo, yule samaki wa matopeni, kwa nyanya nyingi, na mboga chungu ya osuga iliyolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu wake ukaisha. Mara ya kwanza aliponiona nikimega ugali kwa mkono wa kushoto, mteja mmoja mzee alinung'unika. Min Achieng alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye karai, "Mzee, mkono ni wake na mdomo ni wake. Wewe shughulika na samaki wako, ana mifupa." Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wake. Alikuwa na binti, Achieng, aliyekuwa shule ya msingi, na mtoto mdogo wa kiume aliyemfunga mgongoni. Nilijua anachojua kila mtu: kwamba mumewe, Okello, mwanamuziki, aliacha muziki kwenda kuchimba dhahabu Osiri, na shimo likaporomoka. Vijana watatu aliokuwa akichimba nao walitolewa wakiwa maiti. Yeye hakupatikana. Baada ya kungoja sana, wazee walimzika kwa yago, lile tunda refu zito ambalo Wajaluo hulilaza kaburini badala ya mtu ambaye mwili wake haukuonekana. Kisha mdogo wake Okello, Ouma, akamrithi mjane, na mtoto wa mgongoni alikuwa wa Ouma. Haya niliyasikia mezani, kwa vipande, wateja wakizungumza alipokwenda kuchota maji.

Fundi wa redio wa Mbita alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye shati safi. Kibanda chake kilikuwa karibu na mahali mashua zinapopakwa rangi, na redio zilizofunguliwa matumbo zilijaa kila rafu. Nilipoielekezea kidole besi ukutani aliangalia kwanza mikono yangu. Alikuwa na tabia ya kuguna kidogo kabla ya kujibu swali lolote, kama mwimbaji anayetafuta sauti ya kuanzia. Besi yenyewe ilisikitisha. Mwili wote, mbele na nyuma, ulikuwa umepakwa rangi nzito ya mashua, buluu iliyokolea, mpaka juu ya skurubu. Shingo ilikuwa na ufa. Uzi mnene kuliko zote haukuwa uzi wa gitaa, ulikuwa waya wa breki ya baiskeli. Nikauliza kama anaiuza. Akaguna, kisha akauliza naipeleka wapi. Nikamwambia Migori. Alichukua kitambaa akapangusa vumbi kwenye nyuzi zake, uzi baada ya uzi. Halafu akaishusha ukutani mwenyewe, akaifunga kwa gunia, akaniambia, "Jambo moja. Usitoe hii rangi. Mbao imechoka, rangi ndiyo inaishikilia." Nikamwahidi, kama mtu anavyoahidi akiwa amekwisha kupata anachotaka.

Mzee Ochola aliicheka sana besi ile. Alikuwa mtu wa majeneza na vitanda, na alisema hajawahi kutengeneza kitu kinachotakiwa kupiga kelele. Lakini alinipenda, na jioni baada ya jioni tuliiweka juu ya meza yake ya kazi na kuishughulikia. Ule ufa wa shingo tuliujaza gundi ya mbao, tukaukaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, tukauacha ukauke siku kadhaa. Nilichomoa waya za ndani zilizoota kutu nikaunganisha mpya kwa solda ya moto, nikajiunguza vidole. Kile kipande kidogo cha mfupa juu ya shingo, chenye mifuo ya kupitishia nyuzi, Ochola alikichonga upya kutoka kwenye pembe ya ng'ombe, mifuo ikiwa imegeuzwa, mipana upande wangu. Kitufe cha kushikia mkanda tukakihamisha upande wa pili wa mwili. Mkanda nilikatiwa na mshona viatu kutoka ngozi iliyotoka soko la Ogwedhi, na bado ilikuwa na manyoya ya kahawia upande mmoja. Basi ikabaki rangi. Nilimwambia Ochola maneno ya yule fundi wa Mbita, kwamba mbao imechoka. Akagonga mwili wa besi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Nyathina, mwanangu," alisema, "huyo mtu amekudanganya. Hii mbao ni nzima kuliko mimi." Akanipa chupa ya dawa ya kulainisha rangi na kipande cha bati la kukwangulia.

Buluu ilitoka kwa maganda mapana, kama ngozi ya muwa. Chini yake kulikuwa na mbao nyekundu, nzuri ajabu, ambayo mtu alikuwa ameipaka mafuta kwa miaka. Tulipogeuza nyuma tukakuta doa jeusi la mviringo, lililoungua, kama mwezi uliokatwa kidogo. Ochola alishika msasa alitoe. Nikamzuia. Nilipenda lile doa, nilidhani linaipa besi sura yake. Tukapaka vanishi juu yake.

Adhuhuri iliyofuata niliichukua nikaenda nayo hotelini kujionyesha. Min Achieng alikuwa akimpakulia mtu samaki. Alitabasamu kwanza, kisha tabasamu likabaki mdomoni wakati macho yameshaondoka. Alimpa mteja sahani yake, akampa na maji ya kunawa, akaja akaichukua besi mikononi mwangu, akaigeuza nyuma. Aliweka kiganja juu ya lile doa. "Hapa niliweka sufuria," alisema polepole. "Ya ugali, kutoka motoni. Mimi na Okello tulikuwa na chumba kimoja, hakukuwa na meza. Tuligombana mpaka jirani akaja." Nilianza kusema kwamba labda mtu aliiokota kule Osiri, labda mwizi, na yeye mwenyewe akaitikia kwa kichwa, ndiyo, mwizi, kwa sababu siku ya mkasa besi nayo ilipotea hemani mwake kule machimboni. Kisha akaniuliza, "Aliyekuuzia anakaa vipi?" Nikasema ni mrefu, mwembamba. Akasema wako wengi hao. Nikasema anatengeneza redio. Akafikiri. "Ukimuuliza kitu," alisema, "kabla ya kujibu, anaguna?"

Nilimwambia ndiyo. Nakumbuka aliketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji, mtoto mgongoni, na mtungi ukatoa sauti chini yake, na yule mteja akaomba chumvi. Alinyanyuka akampelekea chumvi. Nimewahi kuona watu wakipigwa na habari mbaya, nimeona vifo vingi tangu hapo, na siku zote hutarajia kelele. Yeye aliosha vyombo vyote, akavifunika, ndipo akaniambia, "Kesho omba ruhusa kazini. Tunaenda kununua samaki."

Tulifika Mbita mchana. Okello alikuwa ameketi kibandani na sahani ya omena, dagaa wa ziwani, na ugali juu ya redio iliyofunikwa gazeti. Aliinua kichwa akaniona mimi, akaanza kusema kitu kuhusu rangi, kisha akamwona aliye nyuma yangu. Mkono wake ulibaki juu ya sahani. Min Achieng alisimama mlangoni. Hakuwa amebeba mtoto siku hiyo, na sikuwahi kumwona akisimama wima namna ile.

"Okello," alisema.

Akaguna. "Umekuja."

"Nimekuja kuona kama kweli mimi ni mjane."

Nilitaka kutoka lakini Min Achieng alikuwa mlangoni, kwa hiyo nikabaki nimebanwa kati ya rafu za redio, nikasikia yote. Okello aliyasema bila kutazama mtu. Kwamba wale vijana watatu walikuwa watoto wa majirani, na ni yeye aliyewashawishi waache shule na mashamba wamfuate Osiri. Kwamba asubuhi ile aliwaacha chini akaenda kutafuta mafuta ya pampu ya maji, na aliporudi akakuta umati juu ya shimo lililoziba. Mama mmoja wa wale vijana alikuwa ameshafika, kwa maana aliuza uji karibu na hapo. "Alikuwa anapiga kelele, Okello yuko wapi, yeye ndiye alimleta mtoto wangu hapa. Mtu akamwambia, mama, Okello yuko chini pamoja nao. Akanyamaza. Halafu akaanza kunililia na mimi, pamoja na mtoto wake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya watu na kidumu cha mafuta. Nikashindwa kujitokeza." Alichukua besi hemani akaondoka kwa miguu, akidhani atarudi kesho yake. Kesho ikawa kesho. Akafika Mbita, akajifunza redio. "Siku moja nilikuwa nimefungua redio ya mtu, natafuta kasoro. Ilipowaka ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Ikanisoma mimi. Ikakutaja wewe, ikamtaja Achieng. Ikasema nitazikwa Jumamosi."

"Na ukafanya nini?"

Akaguna. "Nikamalizia hiyo redio. Mwenyewe alikuwa anaingoja."

Nilikuwa bado kijana na nilidhani mambo kama hayo lazima yawe na maelezo makubwa kuliko hayo. Nikajikuta nimemuuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, kwa nini basi aliniuzia besi na nilimwambia inakwenda Migori. Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Hiyo haikuwa imekufa," alisema. "Ilikuwa na haki ya kurudi." Min Achieng alimwangalia muda mrefu, shati, mikono, miguu, kama mtu anayehakikisha mzigo wake umefika wote. Kisha akamwambia, "Maliza kula," akageuka, tukaondoka. Na kweli alinunua samaki.

Jumapili yake aliniomba niende kwake, kwenye boma la shemeji zake, nile nao. Alitaka awepo mtu asiye wa ukoo aliyekuwa ameona. Ouma alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, aliyepakia omena kwenye magunia na kuuza. Alimwekea mtoto vipande vya kuku visivyo na mfupa. Min Achieng alitupakulia sote, akaketi, akasema kwa sauti ile ile ya kumtajia mtu chakula kilichopo, "Okello yuko hai. Yuko Mbita. Nimemwona, na Akeyo hapa amemwona," akanielekezea mimi kidevu.

Nilimtazama Ouma nikingoja sahani ianguke. Alimeza alichokuwa nacho mdomoni. "Najua," alisema.

Katika mwaka ule wote, hilo neno moja ndilo lililonitikisa kuliko yote. Mtu aliyekimbia nilianza kumwelewa njiani tukirudi kutoka Mbita. Lakini huyu alikuwa amelala kando ya mwanamke ambaye kila mwaka alipika chai ya kumkumbuka marehemu, na alikuwa akimsaidia kukata kuni za chai hiyo. "Nilimwona nikienda kuchukua omena," Ouma aliendelea, akizungumza na meza. "Yeye hakuniona. Wewe ulikuwa na mimba ya huyu. Nilirudi mbio nije niseme. Ukaniletea maji ya kunawa, mtoto wa jirani akafanya mchezo fulani hapo nje, ukacheka. Nilikuwa sijakusikia ukicheka tangu tuweke yago. Nikasema nitakuambia kesho." Min Achieng alinyoosha mkono akaiondoa sahani mbele yake kabla hajamaliza. Wiki hiyo alihamia katika chumba kilichopakana na changu, yeye na watoto wawili, na Ochola akawatengenezea kitanda.

Wote wawili walimkosea kwa kusema kesho. Ijumaa mazikoni niliwaona, wazee sasa, wameketi benchi moja mbele ya kaburi lake, Ouma akimshikia Okello mwavuli. Min Achieng hakurudi kwa yeyote kati yao. Watu walimshauri, wachungaji wakaja, wazee wakaja, yeye akawapa chai na kuwaambia kwamba mwanamke aliyefanywa mjane na mtu mzima mwenye afya ameshapata elimu ya kutosha. Wakati huo nilidhani ni ugumu wa moyo. Leo nadhani ulikuwa mshtuko ambao haukuisha, na akajifunza kupika ndani yake.

Kiongozi wa bendi alisikia habari na hakutaka besi ile ipande jukwaani. Alisema hawezi kuweka mbele ya watu chombo cha mtu ambaye wazee hawajaamua kama ni maiti au mgeni. Sikumlaumu. Niliipigia karakanani, kati ya majeneza, na ilikuwa na sauti nzito, tamu, iliyoingia mpaka kwenye mbao zote zilizoegemea ukuta. Baadaye niliipiga miaka mingi, katika bendi nyingine, kwenye harusi za Rongo na Awendo na Homa Bay. Lakini mwaka huo haikutoka karakanani, ikingoja wazee.

Wazee walibishana karibu mpaka mavuno. Mtu aliyezikwa hawezi tu kuingia langoni kama aliyetoka sokoni. Mwishowe waliyafanya waliyoona yanafaa, wakachinja kondoo, wakafukua kile kilichobaki cha lile tunda, na Okello akaletwa asubuhi moja, akasimamishwa nje ya ua mpaka alipoitwa. Alikuwa amekonda zaidi. Achieng, aliyekuwa na umri wa miaka tisa hivi, alimtazama kwa makini, kisha akaelekeza kidole kule walikotoka kufukua. "Kama wewe ndiye baba," aliuliza, "nilikuwa nampalilia nani kaburi?" Okello aliguna, kisha akashika kifungo cha shati kilichokuwa kimefungwa tayari, akajaribu kukifunga tena.

Kisha wakaja mama za wale vijana watatu waliofia shimoni. Hakuna aliyewaita. Wawili walikuja pamoja, na yule muuza uji wa Osiri akaja peke yake, na umati ukafungua njia kama wanaopisha ng'ombe wakali. Nilimwona Okello akirudi hatua moja nyuma. Kwa ajili ya wanawake hawa alikuwa ameacha mke, mtoto, jina na muziki, na sote pale tulijua. Ouma alisogea karibu na kaka yake, nadhani ili ampokee akianguka au awazuie wakimrukia. Min Achieng, aliyekuja kama mgeni na kusimama nje ya ua pamoja nami, alinishika mkono, huo wa kushoto, akaukaza mpaka ukaniuma.

Wale mama waliketi chini mbele ya Okello. Yule muuza uji alijifunga leso vizuri, akanyoosha miguu kwanza kama mtu aliyetembea sana.

"Asubuhi ile," alisema, "mimi nilikuwa nimechelewa kufika na uji. Sikumwona mwanangu kabla hajashuka shimoni. Nimekuwa nikijiuliza tu. Alikuwa amekula?"

Okello alifungua mdomo, na hakuguna. "Alikula, mama," alisema. "Viazi vitamu na chai. Alikula hata sehemu yangu."

Yule mama aliinamisha kichwa. "Ero kamano," alisema, ahsante, akasogea kidogo kando ili mwenzake naye aulize.